Kisima Kikavu Nilichomtwisha Binti wa Watu

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie udhuru. Sikuwekewa panga shingoni. Nilikuwa na akili zangu timamu, miwani yangu machoni, nikaandika uongo wa ukurasa mmoja uliomfukuzisha kazi binti ambaye kosa lake lilikuwa kuijua kazi yake kuliko wanaume waliomzunguka.

Jina langu nalihifadhi, na la binti nimelibadili. Nitamwita Zaituni. Wanaume wa habari hii sitawapa majina kabisa. Nitawataja kwa vyeo vyao, maana wenyewe ndivyo wanavyovipenda.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa huku huku Ugogoni. Nimekaa miaka ishirini kwenye kampuni moja ya kuchimba visima hapa Dodoma. Nilianza kama fundi sanifu, nikapanda taratibu mpaka nikawa mratibu wa kazi za uwandani. Gari lipi liende kijiji gani, mtambo ufike lini, nani alale wapi, yote hayo yalikuwa mezani kwangu. Kwa miaka mingi nilikuwa mwanamke pekee pale. Walikuwepo dada wa usafi na dada wa mapokezi, ila hao mimi sikuwahesabu. Mnaona nilivyokuwa.

Wanaume wa pale walikuwa wananisifu. "Huyu mama ni mwanaume." "Wewe si kama wanawake wengine." Nilikuwa naipokea sifa hiyo kama medali. Kwenye vikao walipotaniana kuhusu makalio ya mhudumu wa hotelini nami nilicheka, tena kwa sauti, ili wajue mimi si wa kununa. Wa kumimina chai nilikuwa mimi. Nilimimina miaka yote, hata nilipokuwa na cheo kikubwa kuliko nusu ya waliokunywa.

Mimba yangu ya pili niliificha miezi saba. Nilivaa jaketi kubwa la kazi kwenye jua la Oktoba, jua lile mnalijua, ili bosi wa wakati huo asije akaniondoa saiti. Nilitapika nyuma ya lori nikafuta mdomo nikarudi kazini. Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi maishani, kila mara nikiisimulia kama ushujaa.

Basi akaja Zaituni.

Kwao ni Busi, kule Kondoa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtaalamu wa maji ya ardhini, ametoka chuo na alama ambazo hakuna mwanaume wa pale aliyewahi kuzipata. Mwembamba, hijabu yake imefungwa vizuri, viatu vya kazi amevinunua mwenyewe. Asubuhi ya kwanza alipita mezani kwangu.

"Shikamoo mama. Nimefurahi kukukuta. Niliambiwa kuna mama hapa, ndiyo maana niliomba hapa hapa."

"Marahaba," nikasema, nikaendelea kuandika. Sikunyanyua hata kichwa.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na kikao. Meneja wetu ni mtu wa tumbo na tai, anayeongea kama anahutubia uwanja. Alimwangalia Zaituni kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Binti, karibu sana. Tuanze kwa kutumiminia chai, tuone mikono ya Kondoa."

Zaituni akatabasamu. "Asante meneja, ila mimi nimefunga. Nimekuja na ramani za vijiji vitatu, nikianza na hizo?"

Mimi, mratibu mzima, nikanyanyuka haraka nikamimina chai vikombe sita. Nilimimina kama mtu anayezima moto.

Baada ya kikao nikamvuta koridoni. Nikamwambia mwanangu, hapa utavunjika. Hapa mwanamke anapita kwa kuinama. Nikampa ile hadithi yangu ya jaketi na mimba.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Pole sana mama. Lakini hapo nani alipaswa kuona aibu, wewe au wao?"

Kuanzia saa ile nilimchukia. Nalisema wazi kwa sababu ndilo lililokuja kuzaa mengine yote. Nilikuwa nimelipia kiingilio kwa miaka ishirini, yeye akataka kuingia kwa mlango ulio wazi.

Miezi mitatu ilipita, akachapa kazi. Visima viwili alivyovipima vyote vilitoa maji. Cha tatu kilikuwa kwenye kijiji kimoja upande wa barabara ya Mtera, kijiji kikavu haswa, wanawake wake wanafukua mchanga wa korongo ili wapate ndoo moja ya maji ya chumvi. Kisima kililipiwa na wafadhili fulani wa dini. Zaituni alishinda kule siku nne na nyaya zake, akapima, akachagua mahali nyuma ya kijiji, ng'ambo ya korongo. Akapigilia kigingi akakipaka rangi nyekundu, akarudi Dodoma kuandika ripoti.

Siku mtambo ulipofika kule, fundi mtambo akapiga simu. Fundi huyu ni mzee wa kazi, mtu wa kujisifu kwamba anasikia maji kwa miguu. Meneja alikuwa ofisini kwangu, akaipokea na kuiweka kwa sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia kila neno. Fundi alisema kufika kwenye kigingi kunataka kufyeka miiba na kuchonga njia ya lori korongoni, siku nzima ya kazi. Halafu mwenyekiti wa kijiji angependa kisima kiwe barabarani, karibu na soko, kionekane.

"Sogezeni barabarani," meneja akasema. "Maji ni maji. Hatuwezi kuendeshwa na kigingi cha mtoto wa kike."

Akanikonyeza. Nikacheka. Nikabadilisha karatasi ya safari, ile inayoonyesha mtambo uchimbe wapi, nikaandika mahali papya kwa mkono wangu.

Zaituni aliondoka Dodoma kesho yake kwenda kusimamia, akakuta mtambo unanguruma barabarani, karibu mita mia tatu kutoka kwenye kigingi chake. Akavuka kamba iliyozungushiwa mtambo akamfuata fundi akamwambia asimamishe. Fundi akamfukuza mbele ya watu. Akampigia meneja, meneja hakupokea. Akanipigia mimi.

"Mama, wamehamisha. Hapa chini ni mwamba mtupu, nimepima, hakuna mpasuko wa kupitisha maji. Tafadhali waambie wasimamishe."

Nikamwambia, "Mwanangu, hayo ni maamuzi ya wakubwa." Nikakata simu.

Wakachimba mpaka mita mia na ishirini. Kilichotoka kilikuwa vumbi. Siku ya tatu meneja aliniambia tuongozane kwenda kutuliza kijiji, tukakuta vumbi jeupe limefunika soko lote, nyanya za watu zinafanana na mawe.

Watu walikusanyika. Mwenyekiti akataka kujua maji yako wapi. Meneja akamtazama fundi. Fundi akafuta jasho, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma maandiko:

"Wazee, kazi hii ina miiko yake. Mwanamke akiingia kwenye mtambo akiwa katika siku zake, maji yanakimbia. Huyu binti alivuka kamba. Niliyasikia maji yanaondoka."

Mwanaume wa miaka sitini, ameendesha mitambo ya mamilioni tangu ujana wake, anasimama mchana kweupe kusema mwamba umekauka kwa sababu ya hedhi ya mtu. Na wanaume wenzake wakatikisa vichwa, wengine wana simu za bei kubwa mifukoni. Meneja mwenye digrii mbili akashusha macho kwa huzuni, kana kwamba amepata taarifa ya kitaalamu. Nilikuwa karibu naye, nikaona mdomo wake ukilegea kwa nafuu. Alikuwa amepata pa kujificha, chini ya sketi ya binti.

Zaituni alisimama kando ya gari. Hakulia. Alisema jambo moja tu, "Kigingi changu kiko ng'ambo ya korongo, kila mtu hapa anakiona." Hakuna aliyegeuka kukitazama.

Mama mmoja wa kijiji, ndoo mkononi, ndiye aliyecheka. Alimwambia fundi, "Wewe baba, kule korongoni nani anafukua visima? Ni sisi. Mwezi mzima, kila mwezi, na siku zetu tunazo. Mbona maji hayo hayatukimbii?"

Mwenyekiti akamwambia anyamaze, wanaume wanazungumza. Yule mama akatema mate pembeni akaondoka zake.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nakung'uta vumbi kwenye koti langu.

Wiki iliyofuata wafadhili wakataka maelezo kwa maandishi. Hawakutaka habari za miiko, walitaka kujua nani alikosea. Meneja akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mama, wewe ni mtu wetu," akasema. "Mimi nikiandika wataona najitetea. Ukiandika wewe, mwanamke kwa mwanamke, hakuna atakayesema tumemwonea. Andika kwamba kipimo chake kilikuwa na kasoro. Na lile la kamba liweke kiofisi kidogo."

Kisha akaongeza, kama mtu anayetupia kuku punje, kwamba nafasi ya meneja wa shughuli itatangazwa karibuni, na yeye hajaona mtu anayeistahili kama mimi.

Nikaandika. Nikasema mtaalamu hakuzingatia taratibu za upimaji. Nikasema alivuka eneo la hatari bila ruhusa. Na ule upuuzi wa fundi nikautia kwenye nguo safi za ofisi: nikapendekeza kwamba, kwa sababu za usalama na mila za jamii zinazohudumiwa, watumishi wa kike wasikaribie mitambo inapokuwa kazini. Nilitumia asubuhi nzima kuipanga sentensi hiyo. Mwenzangu kwenye mtambo alisema uongo wa kijinga, mimi nikausahihishia Kiswahili. Nani kati yetu ni mchafu zaidi?

Zaituni alikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Walimwachisha kwa barua ya mistari minne. Alikuja mezani kwangu kuaga, safari hii bila shikamoo.

"Karatasi ya safari imeandikwa kwa mwandiko wako," akasema. "Niliiona siku ile niliporudi kutoka kijijini. Nikanyamaza nikisubiri useme mwenyewe."

Akaondoka na mkoba wake. Nikajifanya natafuta faili.

Sasa sikilizeni malipo yangu.

Nafasi ya meneja wa shughuli ilitangazwa kweli. Akapewa kijana niliyemfundisha mimi kusoma ramani, mtu asiyeweza kuandika barua bila kunipigia simu. Nikaenda kwa meneja kudai maelezo. Akanisikiliza kwa upole wa daktari. Kisha akafungua faili, akatoa waraka wangu mwenyewe.

"Mama, nafasi ile ni ya kushinda kwenye mtambo. Na sera yetu, ambayo wewe ndiye uliyeipendekeza, wanawake hawakaribii mtambo. Tungefanyaje?"

Hakuona hata aibu. Kwake nilikuwa ngazi, na ngazi haiulizwi kama imechoka. Miaka ishirini ya chai, ya vicheko, ya jaketi juani, na mtu yule alikuwa ananitazama kama anavyomtazama dada wa mapokezi. Ndipo nikaelewa kwamba hawakuwahi kunihesabu. Nilikuwa nimejihesabu mwenyewe.

Nilikaa na hilo kama mwezi mzima. Hatimaye Jumamosi moja nikapanda basi la Kondoa, nikaunga na gari la Busi, nikauliza nyumba kwa nyumba mpaka nikafika kwao.

Mama yake alikuwa anapepeta alizeti uani. Nikabisha hodi, akanikaribisha vizuri kwa sababu hakunijua. Aliponiuliza natokea wapi nikamwambia, mikono yake ikasimama.

"Ni wewe," akasema. "Basi nikwambie, mwenzangu. Nina mwingine wa kike, kidato cha nne, hesabu anazipenda kuliko dada yake. Baba mdogo wao ndiye anayemlipia. Zaituni aliporudi na barua, baba mdogo akasema si mmeona, kazi za wanaume ni za wanaume. Amemkatalia masomo ya sayansi. Anataka asomee ushonaji."

Kwa mtoto huyo sikuwa nimejiandaa. Nilikuja na deni la mtu mmoja nikakuta wawili.

Zaituni akatoka ndani. Alikuwa amekonda. Nikaanza kusema nilichokipanga njiani, kwamba nimekuja kuomba radhi, kwamba nilidanganywa, kwamba hata mimi wamenitenda. Akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Radhi ya uani kwa mama yangu hainisaidii," akasema. "Hukunisema uani. Uliniandika kwenye karatasi, ukatia sahihi. Kaandike nyingine, utie sahihi. Halafu uipeleke kule kule ilikokwenda ya kwanza."

"Nitapoteza kazi."

"Mimi niliipoteza," akasema. Akaingia ndani.

Nilirudi Dodoma nikaandika. Siwaambii hili mnisifu, maana nilichelewa siku kumi na moja nikibadilisha maneno, kila siku nikitafuta namna ya kusema ukweli bila kujisema. Mwishowe nikaacha ujanja. Nikaeleza simu, korongo, miiba, mwenyekiti, karatasi ya safari kwa mwandiko wangu, nikaambatisha na nakala yake. Nikaipeleka kwa wafadhili mimi mwenyewe, nakala nyingine nikaiweka mezani kwa meneja.

Wafadhili waliamuru mtambo urudi, mara hii kwa gharama ya kampuni. Wakafyeka miiba, wakavuka korongo, wakachimba penye kigingi chekundu. Mita sitini na kitu matope yakaanza, kisha maji. Niliambiwa tu, mimi sikuwepo. Wakati huo nilikuwa nimeshapewa barua ya kuhamia stoo, na ndiko niliko mpaka leo, natunza mabomba na majembe. Wananipita bila salamu. Meneja anawaambia watu kwamba umri wa kukoma hedhi unanisumbua. Ndiyo, hedhi tena. Watu hawa wana elimu, wana magari, wana suti za kuvaa kanisani, lakini ukiwabana wakakosa jibu wanakimbilia chini ya kitovu cha mwanamke.

Na msidhani meneja alianguka. Yupo. Juzi alisimama kwenye hafla akasema yeye siku zote ameamini katika uwezo wa wanawake. Fundi naye anasimulia kwamba mahali pale ng'ambo ya korongo aliyasikia maji kwa miguu yake tangu siku ya kwanza. Watu wanampigia makofi.

Zaituni naye, wafadhili walimwandikia barua ya kumsafisha. Alikaa nyumbani karibu mwaka mzima kabla hajapata kazi nyingine, mkoa mwingine. Nimemtumia ujumbe mara tatu. Anausoma, hajibu. Ni haki yake. Mdogo wake, nimesikia, Zaituni sasa ndiye anayemlipia, amemrudisha kwenye sayansi. Mwaka mmoja wa masomo ya mtoto yule umepotea, na mwaka huo haupo mfukoni kwangu niurudishe.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wanawake mliotangulia maofisini, hasa ninyi mnaojiona mmefika. Siku moja mkubwa wako atakuita, atafunga mlango, atakuambia unaaminika, kisha atataja jina la binti aliyekuja juzi. Sauti yake itakuwa tamu. Atakuonyesha kiti.

Usikae. Sema una kazi, sema unaumwa, sema lolote, utoke. Ukishakaa, kalamu itakufuata yenyewe, na utashangaa inavyoteleza.

Mimi nilivuta kiti, nikakaa, nikamwomba aniongezee karatasi.